Uhuru wetu haukuwa ushindi wa mezani

Jumamosi nilikuwa kwenye Noah ya Usa River, nimebanwa dirishani, kijana mmoja akawa anamfundisha mwenzake historia: "Wakenya walimwaga damu msituni. Sisi Mwingereza alituachia tu, ushindi wa mezani." Nimefundisha somo hili Arusha miaka kumi na tisa, na kauli hiyo nimeisikia hadi kwenye kikao cha harusi. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu, la sivyo abiria wote wangekula kipindi kizima na konda akanidai nauli ya darasa.

Suala la damu nalipita haraka. Majimaji, 1905 hadi 1907. Mangi Meli, mtawala wa Kichagga, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi mwaka 1900. Anayedai hapa haikumwagika damu apande kilomita chache tu juu ya Moshi mjini.

Kinachonichoma zaidi ni neno "koloni". Tanganyika ilikuwa koloni la Mjerumani. La Mwingereza haikuwa kamwe. Alipewa aisimamie na Shirikisho la Mataifa, kisha kuanzia 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Mwanafunzi akiandika "koloni la Uingereza" nampiga kalamu nyekundu, na walimu wenzangu wananiita mnoko. Sawa. Lakini ndani ya neno "udhamini" ndimo ulimokuwa mlango. Kifungu cha 76 cha Hati ya Umoja wa Mataifa kilimtaka mdhamini aipeleke nchi kwenye kujitawala au uhuru. Kifungu cha 87 kiliruhusu wananchi kupeleka malalamiko New York na wajumbe kuja kukagua. Kenya, koloni kamili tangu 1920, haikuwa na mlango huo.

Mlango upo, ila lazima mtu aubishe, na waliobisha ni Wameru wa hapa Arusha. Novemba 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki na Leguruki, ili wazungu wachache wapate eneo moja la kufugia lisilo na Mwafrika katikati. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa. Wameru wakachangishana. Wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanyia kazi Moshi, akalifikisha shauri Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kisha Kirilo Japhet, Mmeru mwenyewe, akasimama mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu la umoja huo. Ilikuwa 1952, mwaka uleule Nairobi ilipotangazwa hali ya hatari na Kenyatta kukamatwa. Pima mwenyewe tofauti ya milango.

Na wakashindwa! Wanafunzi wangu huwa hawaamini nikifika hapo. Kamati iliwaunga mkono, lakini kwenye Baraza Kuu azimio halikufikisha theluthi mbili. Kirilo alirudi bila ardhi. Alichorudi nacho ni habari kwamba gavana ana mkubwa wake na mkubwa huyo anasikiliza Waswahili, na akazunguka nchi akiisimulia. TANU ikazaliwa Julai 1954. Machi 1955 Nyerere akasimama mbele ya Baraza lilelile la Udhamini.

Ya Tabora 1958, TANU ilipokubali kuingia uchaguzi wa kura tatu (Mwafrika, Mzungu, Mwasia), mnayajua. Mlikariri wote kwa ajili ya mtihani.

Sasa niungame. Shauri la Wameru lilikuwa na uzito gani hasa katika kuleta uhuru? Mizani ya kulipimia sina, na mwenzangu mmoja wa Moshi huniambia nalikuza kwa kuwa nimeoa Meru. Ana hoja kidogo. Halafu udhamini wenyewe si dawa: Afrika Kusini ilikabidhiwa Namibia ya leo kwa utaratibu uleule wa Shirikisho, ikakataa kuiweka chini ya udhamini, na Namibia ikangoja hadi 1990. Na kwa bibi aliyeangalia paa lake likiungua Ngare Nanyuki, tofauti ya koloni na udhamini ilikuwa upuuzi mtupu. Kalamu yangu nyekundu haina jibu kwake.

Kuna jambo jingine silisemi darasani mpaka wafike kidato cha sita. Tarehe 9 Desemba 1961 mlango wa New York ulifungwa. Ndivyo ilivyopaswa, nchi huru haina mdhamini. Lakini kabla mwaka mwingine haujaisha, Bunge letu lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, na Haki za Binadamu hazikuingia kwenye Katiba mpaka 1984, tena mahakama zikaanza kuzisimamia 1988. Kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, mtu mwenye lalamiko kama la Kirilo angebisha wapi? Mwaka jana binti mmoja aliniuliza hivyo hivyo, kengele ikalia, nami nikaishukuru kengele. Muhula huu yuko kidato cha sita na ameanza kukaa dawati la mbele.