Kezilahabi hakubadilika njiani

Wanafunzi wa fasihi hupenda kumgawa Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, mafungu mawili, na vitabu vingi vya uhakiki vinawaunga mkono. Fungu la kwanza ni riwaya nne za miaka ya 1970: kijiji, shule, ulevi, mapenzi, siasa, hadithi unayoishika mkononi na kuimaliza. Fungu la pili ni Nagona na Mzingile, vitabu vyembamba ambavyo msomaji huvifunga mapema akiuliza mzee huyu alipatwa na nini. Nimefundisha riwaya ya Kiswahili muda wa kutosha kulisikia swali hilo kila mwaka. Jibu langu ni kwamba hakupatwa na kitu. Alikuwa na ugomvi mmoja tu maishani, ugomvi na yeyote anayedai anayo majibu tayari, na aliufuata mpaka ukamfikisha kugombana na umbo la riwaya yenyewe.

Alizaliwa Aprili 1944 Namagondo, Ukerewe. Kisiwa hicho cha Ziwa Victoria kimetuzalia pia waandishi Aniceti Kitereza na Gabriel Ruhumbika, na bado sijaona anayekiimba kama tunavyoziimba Lamu na Unguja. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Kiswahili alikikuta shuleni, kisha seminari ya Nyegezi huko Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikohitimu mwaka 1970. Watu wa pwani waliwahi kumwona mgeni katika lugha, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini ugeni ulimpa faida: hakurithi heshima ya vina na mizani, wala hakulelewa akiamini kwamba mwandishi kazi yake ni kuwapa watu mawaidha.

Waliomtangulia waliamini hivyo. Shaaban Robert, ambaye Kezilahabi alimwandikia tasnifu ya uzamili mwaka 1976, aliwapa wahusika wake majina kama Karama na Utubusara, na msomaji alijua tangu mwanzo wema uko upande gani. Ni nathari tamu sana, nami naipenda. Ila ni nathari ya mtu anayejua.

Sasa chukua Rosa Mistika ya mwaka 1971. Zakaria ni mlevi, ameshindwa kuitunza nyumba yake, lakini anamchunga binti yake Rosa kwa fimbo. Akigundua barua ya mvulana, anampiga. Rosa anakua bila kujua namna ya kuongea na mwanamume, anakwenda shule ya bweni Mwanza, na huko ukali wote wa baba unageuka kinyume chake. Mwisho wake ni kujiua. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa kuwa kilizungumza waziwazi juu ya mwili, mimba na unafiki wa watu wazima. Baadaye kikarudi, kikawa cha kusomwa darasani. Naona waliokizuia walikielewa kuliko baadhi yetu tunaokifundisha leo kama onyo kwa wasichana. Kezilahabi hamhukumu Rosa. Anayemhukumu ni baba, na jamii inayompa baba haki ya kupiga bila kumtaka malezi.

Kichwamaji (1974) ndicho kitabu ninachokiweka juu ya vyote. Msimulizi ni Kazimoto, kijana wa chuo kikuu anayerudi nyumbani na kukuta hana pa kusimama. Kijijini wanamtazama kama msomi, usomi wenyewe umemwondolea Mungu wa wazazi wake, na rafiki yake wa utotoni, Manase, ambaye sasa ana cheo serikalini, ndiye aliyemharibia maisha dada yake Kazimoto. Kabla ya hapo riwaya ya Kiswahili haikuwa na msimulizi anayefikiri namna hii, kwa nafsi ya kwanza, bila sauti ya mwandishi kuingilia kati na kusahihisha. Wahakiki wamezungumza sana juu ya udhanaishi, falsafa ya mtu aliye peke yake akitafuta maana ya maisha, na wanafalsafa wa Ulaya aliowasoma. Sawa, aliwasoma. Lakini uchungu wa Kazimoto ni wa Ukerewe mtupu: kifo cha dada, mazungumzo na mzee asiyeelewa chuo kinafundisha nini, aibu ya kuzaa mtoto mgonjwa kwa sababu ya maradhi yaliyofichwa. Naye anaishia kujiua.

Mwaka huohuo alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mgogoro uliofuata ulikuwa mkali. Washairi wa jadi, kina Saadani Kandoro na Jumanne Mayoka, walishikilia kwamba kisicho na vina na mizani si shairi. Kezilahabi, pamoja na Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, walijibu kwa kuandika zaidi. Hapa ndipo watu wanapopotea, wakidhani ni ubishi wa ufundi tu. Msome Zakaria na fimbo yake, kisha usome Kichomi, utaona ni swali lilelile: nani kasema lazima iwe hivi? Nikiri pia kwamba baadhi ya mashairi yale yamezeeka vibaya. Karibu Ndani ya mwaka 1988 ni diwani bora zaidi, imetulia, na haina haja ya kumthibitishia mtu chochote.

Baada ya baba na walinzi wa vina ikaja zamu ya chama tawala. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini anapata mali, siasa ya ujamaa inaifikia mali hiyo, naye anamuua kiongozi wa serikali. Mtanzania hawezi kuusoma mwisho huo asikumbuke Iringa, Krismasi ya mwaka 1971, mkulima Said Mwamwindi alipomuua Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Kleruu. Gamba la Nyoka (1979) inakwenda mbali zaidi: vijana wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanarudi vijijini na nadharia ya ujamaa mfukoni, na wanakijiji wanahamishwa kwa nguvu. Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, ilikuwa imepita miaka michache tu, na Nyerere bado yuko Ikulu. Tamthilia ya Kaptula la Marx, ambamo Rais Kapera anavaa kaptula isiyomwenea, aliiandika katika miaka hiyohiyo lakini haikuchapwa hadi mwaka 1999, wakati ujamaa wenyewe ulishabaki kumbukumbu. Si kwamba alikuwa mpenzi wa ubepari. Tajiri katika vitabu vyake hapati huruma yoyote. Alichokikataa ni watu wachache kujua kwa niaba ya wengine.

Halafu akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, akapata udaktari mwaka 1985 kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba tunaisoma kazi ya Kiafrika kwa darubini ya kuazima, na darubini hiyo inaamua mapema tutaona nini. Ukishaamini hivyo, utaandikaje tena riwaya yenye mwanzo, kati na mwisho, msimulizi anayejua kila kitu akikushika mkono?

Kwa hiyo Nagona (1990) na Mzingile (1991). Msafiri anatembea katika nchi isiyo na jina, muda hauendi mbele, na anakutana na mababa wa fikra za Ulaya, kina Plato na Nietzsche, wakiwa watu wa ajabu wasio na msaada. Katika Mzingile kuna mzee anayetafutwa ili apewe habari ya kifo cha mwanawe, na msomaji anaanza kushuku mzee huyo ni nani hasa. Ndani yake kuna ngano, vitendawili, maono ya dunia iliyoteketea, na simulizi za kale zilizochanganywa kwa makusudi. Wasomaji wengi aliwapoteza hapo, na sidhani kama hakulitegemea hilo.

Tangu mwaka 1995 alifundisha Chuo Kikuu cha Botswana. Riwaya nyingine hakuchapisha. Diwani ya tatu, Dhifa, ilitoka mwaka 2008. Alifariki Dar es Salaam Januari 2020.

Anayeanza leo, asianzie Rosa Mistika kwa sababu tu ndiyo maarufu. Aanze na Kichwamaji, akimaliza asome Karibu Ndani taratibu, shairi moja kwa siku, kisha Nagona. Asitafute nani anawakilisha nini. Hiyo ni tabia ya mtihani. Asome kwa sauti, na akipotea aendelee tu, kwa sababu msafiri wa kitabu naye amepotea. Gamba la Nyoka aiweke ya mwisho, baada ya kumuuliza mtu aliyehamishwa enzi za vijiji ilikuwaje.