Stiki imejaa, taa inawaka: hiyo oili nzito inatibu nini?

"Fundi, oili imo, mpaka alama ya juu, na taa ya oili inawaka. Wamenambia barazani nitie nzito." Maneno haya nimeyasikia mno, na karibuni yamenijia tena kwa mwenye Hilux ya injini ya 3L, dizeli ya Toyota, anayebeba magunia ya karafuu kutoka Konde, Pemba. Basi naandika, ili mwengine akija nimpe simu asome, na mimi niendelee na kazi.

Stiki inakupa kiasi cha oili kilichomo kwenye sampu, lile karai la chini ya injini. Taa haina khabari na kiasi. Taa inasema presha kwenye njia za oili imeshuka chini ya pale swichi yake, ile iliyofungwa kwenye injini, ilipowekewa, na pale ni chini mno: kwa gari nyingi ni baina ya baa 0.2 na 0.5. Inapowaka, jambo limeshaharibika zamani. Ikiwaka kwenye kona au mlimani kisha ikazima, hapo sawa, chomoa stiki uangalie; oili ikipungua pampu hunyonya hewa. Ikiwaka ikabaki, zima injini. Hakuna cha "nifike Chake kwanza".

Sasa hiyo oili nzito. Pampu haizalishi presha, inasukuma oili tu. Presha inatokana na kizuizi. Mpira wa maji ukiwa wazi maji yanamwagika tu, ziba mdomo kwa kidole uone yanavyoruka. Kwenye injini, kidole ni ule upenyo mwembamba baina ya beringi na krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Kwa injini hizi beringi mpya za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) huwa na upenyo wa kama milimita 0.04 hadi 0.06, na ukifika 0.10 ndiyo mwisho, beringi zibadilishwe. Na hapa ndipo wataalamu wa barazani wanaponichosha, kwa sababu wanadhani upenyo ukizidi kidogo na oili huvuja kidogo. Sivyo. Upenyo ukiwa mara mbili, oili inayovuja pembeni inakuwa kama mara nane. Mara nane! Na wewe umetoa 15W-40 ukatia 20W-50. Umeongeza uzito kiasi gani? Kwenye joto la nyuzi 100, oili ya 40 (namba ya baada ya W) inapimwa sentistoki, kipimo cha uzito wa oili, 12.5 hadi 16.3, na ya 50 inaanzia hapo 16.3 na haifiki 22. Tuseme umeongeza theluthi moja. Unapigana na mara nane kwa theluthi.

Taa itazima, sibishi. Swichi inataka presha ndogo tu, na hiyo theluthi inatosha kuifurahisha. Beringi haifurahi. Inaendelea kulika taratibu, dashibodi iko kimya, mpaka siku injini inoki, yaani ife, na gunia arubaini ziko nyuma.

Lakini nisijifanye. Hilux ya zamani, mwenyewe hana pesa ya kuchonga krenki mpaka msimu wa karafuu uishe: watu kama hao nimewatilia 20W-50, na baadhi ya injini hizo zinakwenda mpaka leo. Nyengine zimenoki. Kwa nini hii na si ile, sina jibu la kuridhisha. Ninachokataa ni kutia kabla ya kupima.

Kupima si kazi. Toa swichi, funga geji ya presha pahala pake, pasha injini mpaka ipate moto sawasawa. Presha ya injini baridi hainishughulishi, kila mzee hupendeza asubuhi. Injini hizi za L zikizunguka bila kukanyagwa, baa 0.3 inatosha, usishtuke. Kwenye mizunguko 3,000 ziwe baina ya 2.5 na 6. Geji ikisoma vizuri hata moto, swichi ndiyo mbovu, nunua nyengine uende zako. Ikisoma vizuri baridi ikaporomoka moto, ni beringi au ni pampu iliyolika, na geji haitakutenganishia mbili hizi, shusha sampu. Ikipanda ukikanyaga kisha ikashuka na mguu uko pale pale, chujio la kunyonyea, lile la mdomoni mwa pampu ndani ya sampu, limeziba.

Chujio hilo, jamani. Nusu ya uchafu ninaoukuta mle ni silikoni ya gasketi. Fundi anapaka sampu kama anasakafia nyumba, inayofinyika ndani inakatika, pampu inaivuta. Mstari mwembamba unatosha. Kwa injini za dizeli za Toyota za 1KD na 2KD kuna jengine: washa (vile vipete) za shaba chini ya nozeli zinazopuliza dizeli zikivuja, moshi wa moto unaingia kwenye oili, oili inageuka masizi mazito na chujio linaziba. Kubadilisha pampu hapo ni kutupa pesa. Na ukiona oili inapanda kwenye stiki hali hukuongeza, inuse. Ikinuka dizeli, usiendeshe.

Halafu wapo wanaotia washa chini ya springi ya valvu ya presha ili "ikaze". Valvu ile kazi yake ni kumwaga presha ikizidi. Injini ikiwa moto na haikukanyagwa, presha iko chini, valvu imeshajifunga yenyewe. Washa yako inakaza kitu kilichofungwa. Ikiwa imekwama wazi kwa uchafu, geji itakuwa chini hata ukikanyaga. Isafishe, usiikaze.

Ulaghai wa mwisho ni kuchomoa waya wa swichi. Swichi hizi huwasha taa kwa kuunganisha waya wake na bodi ya gari, kwa hivyo waya ukichomolewa taa inazima, na pikapu inauzwa. Ukienda kununua, fungua ufunguo bila kupiga stati: taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, lala chini utafute waya wenyewe kabla hujaanza kuzungumza bei.