Adui Hahitaji Kusafishwa: Dhana Potofu Kuhusu Hadithi za Mashabiki Zenye Giza

"Nipendekezee hadithi ya adui, lakini moyoni awe mtu mwema." Ombi hili halikomi kwa wasomaji wa hadithi za mashabiki, yaani zile ambazo mashabiki huandika wakitumia wahusika wa kazi ya mtu mwingine, na limejengwa juu ya imani kwamba kumwelewa mhusika mbaya ni kumsamehe, kwa hiyo mwandishi aliyemfungulia kifua lazima amtakase kabla ya sura ya mwisho. Si kweli. Imani hiyo ndiyo inayowafanya wasomaji wazipite kazi bora wakaishia kwenye zile za kubembeleza.

Utata wa kimaadili hautokani na wema uliofichwa, unatokana na uchaguzi. Mhusika anaziona njia mbili, anajua ipi itamuumiza nani, kisha anaifuata hiyo hiyo kwa sababu ambayo msomaji anaielewa vizuri mno. Mwondolee uchaguzi huo, useme alirogwa, alilazimishwa au alipigwa sana utotoni, na unabaki na mtu wa kuhurumiwa tu. Historia ya mateso inaeleza jeraha lilikotoka. Haielezi kwa nini yeye alishika kisu na ndugu yake aliyepigwa vilevile hakushika. Hadithi yenye thamani inakaa hapo hapo.

Usafishaji una dalili zake. Uovu mkubwa alioutenda katika kazi ya asili unapitishwa kwa sentensi moja, au ghafla inagundulika alisingiziwa. Waathiriwa wanageuzwa kuwa wabaya kuliko yeye, ili kila anayekufa awe amestahili. Steringi anafanywa mpumbavu ili adui ang'ae. Halafu anatokea mpenzi mpole anayemponya ndani ya sura tatu. Ukikutana na dalili mbili kati ya hizi mapema, acha, tafuta nyingine.

Sasa mtazame mkuu wa gereza anayemhoji mfungwa. Mwandishi dhaifu atamfanya afoke mchana na kulia usiku. Mwandishi hodari, akisimulia kwa nafsi ya tatu iliyoshikamana na mtazamo wa mkuu huyo, atamfanya ambadilishie mfungwa maji kwa kuwa yameingia vumbi, amuulize jina la binti yake, kisha aliandike kwa hati nzuri, taratibu. Damu haijamwagika hata tone. Upole ule ni wa kweli, na ndio silaha yenyewe. Anatoka chumbani akijipongeza kwamba leo hajamgusa mtu. Msimulizi asimsahihishe hapo. Matukio ndiyo yamsute: katika sura inayofuata, binti analetwa.

Mfano huo unatosha kuifuta dhana ya pili, kwamba giza hupimwa kwa wingi wa damu na mateso. Ukatili unaorudiwa kila sura bila kubadilisha chochote ndani ya mhusika unachosha tu.

Wapo wanaodai tahadhari, yale maonyo ya yaliyomo yanayowekwa mwanzoni mwa hadithi, zinaharibu utamu. Kujua kuna kifo cha mhusika mkuu hakukuambii ni nani, lini, wala kwa mkono wa nani. Hatari ipo kwenye kuzisoma vibaya. Archive of Our Own, hifadhi ya mtandaoni ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009, ina tahadhari kuu nne, zikiwamo ukatili wa kina, kifo cha mhusika mkuu na ubakaji. Pembeni yake kuna alama mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku: moja inasema hakuna tahadhari inayohusika, nyingine inasema mwandishi amechagua kutotumia tahadhari. Hiyo ya pili haimaanishi hadithi ni salama. Maana yake ni kwamba lolote linaweza kuwamo, na ukiingia umekubali. Tafadhali usimpe mtu kiungo kabla hujaangalia ni alama ipi.

Na kudos nyingi, zile pongezi ambazo msomaji hutoa kwa kubonyeza kitufe kwenye hifadhi hiyo, si kipimo cha ubora. Akaunti moja inatoa kudos mara moja tu kwa kazi nzima, hata ikiwa na sura 40, ilhali idadi ya waliofungua inazidi kupanda kila sura mpya inapotoka. Kulinganisha hadithi ndefu na ya sura moja kwa uwiano wa namba hizo hakukupi jibu lolote la maana.

Bado kuna wanaofikiri kupendekeza ni kusifu, basi wanaandika "inaua, isome tu!" Kwa hadithi ya giza, hilo ni kumtupa mtu kisimani. Andika urefu wake kwa maneno, kama imekamilika au la, inaachana na kazi ya asili kwenye tukio lipi, na tunaona kwa macho ya nani. Taja tahadhari zote, pamoja na zile ambazo mwandishi hakuziweka lakini wewe umezikuta. Kisha taja namba ya sura iliyo nzito kuliko zote, na useme kama inaweza kurukwa bila kupoteza uzi. Mara nyingi haiwezekani, na msomaji anahitaji kulijua hilo kabla hajafungua sura ya kwanza.