Kondo la Nyuma Lenye Hitilafu ya Kromosomu na Mtoto Anayedumaa Tumboni: Ufafanuzi kwa Familia za Nyanda za Juu Kusini

Wapo ndugu wanaolalamika kwamba kondo la nyuma la mgonjwa wao halikukabidhiwa mara moja ili likazikwe bali lilibaki hospitali kwa uchunguzi, na wapo wanaume ambao, baada ya kusikia neno kromosomu likitajwa wodini, wamerudi nyumbani wakiamini kuwa mtoto si wao. Malalamiko yote mawili yana chanzo kimoja: watu hawafahamu kwamba kondo linaweza kuwa na hitilafu ambayo mtoto mwenyewe hana.

Seli ya binadamu huwa na kromosomu 46, yaani nyuzi ndogo sana zinazobeba maelezo ya urithi. Mtoto na kondo hutokana na yai moja lililorutubishwa, lakini seli zitakazounda kondo hujitenga mapema, siku chache tu baada ya mimba kutungwa. Kosa la mgawanyiko wa seli likitokea upande wa kondo baada ya hapo, kondo litakuwa na seli zenye kromosomu 47 na mtoto atabaki na 46 zake. Wakati mwingine mimba yenyewe huanza na kromosomu ya ziada, kisha baadhi ya seli zikaipoteza, na hizo zilizojisahihisha ndizo zinazomjenga mtoto. Hali hii ilielezwa kitaalamu mwaka 1983. Katika nchi ambako wajawazito huchukuliwa kinyama cha kondo kati ya wiki ya 10 na ya 12, huonekana kwa takribani asilimia 1 hadi 2 yao, na wengi huzaa watoto wazima. Inayotupa wasiwasi zaidi sisi wahudumu wa afya ni ile ya kromosomu namba 16 kuwa tatu badala ya mbili, kwa sababu kondo la namna hiyo mara nyingi hushindwa kupitisha chakula na oksijeni ya kutosha, na mtoto hudumaa, yaani hakui tumboni kulingana na umri wa mimba.

Kudumaa si unjiti, ingawa watu huendelea kuvichanganya. Njiti amezaliwa kabla ya wiki 37 na uzito wake unaweza kulingana kabisa na umri wake. Aliyedumaa anaweza kutimiza wiki 39 na bado akazaliwa na kilo mbili. Ieleweke pia kwamba kromosomu za kondo si sababu ya kwanza tunayoifikiria. Tunaanza na presha ya mimba, upungufu wa damu, pombe, sigara, mimba ya mapacha, na malaria, hasa kwa mama anayetoka Kyela au bonde la Usangu.

Kifaa cha kwanza cha kugundua tatizo ni futi ya kawaida. Mkunga humlaza mama chali, hushika ncha ya futi kwenye mfupa wa kinena, huivuta juu ya tumbo hadi kilele cha mji wa mimba, upande wa namba ukitazama chini ili asijue jibu kabla ya kumaliza, kisha huigeuza na kuandika kwenye kadi. Kuanzia wiki ya 24 idadi ya sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Upungufu wa sentimita 3, au namba kubaki palepale katika mahudhurio mawili, humpeleka mama kwenye altrasaundi, na ikibidi hospitali ya rufaa kupimwa mtiririko wa damu katika mshipa wa kitovu. Yote haya hayana maana kwa mama anayeanza kliniki na mimba ya miezi saba bila kukumbuka hedhi yake ya mwisho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mahudhurio 8, la kwanza ndani ya wiki 12, na altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Tumelisema hili hadi linachosha.

Kondo likihitajika kwa uchunguzi, mama huombwa ridhaa. Kondo hupimwa uzito baada ya kuondolewa utando na kitovu, kisha vinyama hukatwa sehemu kadhaa, kwa kuwa seli zenye hitilafu hukaa kwa mabaka. Vya kuangaliwa kwa hadubini hutiwa formalini, dawa ya kuhifadhi vinyama. Vya kuoteshwa maabara kwa ajili ya kromosomu havitiwi kamwe, kwa sababu formalini huua seli. Huwekwa kwenye maji ya chumvi yaliyotakaswa na kusafirishwa vikiwa vibichi. Familia inayotaka mabaki iseme kabla ya uchungu kuanza.

Kuhusu ubaba, kuhesabu kromosomu hakuonyeshi baba ni nani. Mwenye shaka ana njia yake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009: ombi hupitia kwa wakili, ustawi wa jamii, mahakama au mkuu wa wilaya, ndipo lifike kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda hapa Mbeya. Mkunga hana mamlaka hayo, hata akibembelezwa.

Hakuna dawa ya kurekebisha kondo, wala mama hakusababisha hitilafu hiyo kwa kula udongo au kubeba kuni. Tunachoweza ni kumfuatilia mtoto na kuchagua siku ya kumtoa. Mama akiona mtoto amepunguza kucheza, afike kituoni siku hiyohiyo, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Kwa kawaida hali hii hairudii mimba inayofuata, lakini kadi ya zamani iletwe katika hudhurio la kwanza, pamoja na majibu ya maabara kama yapo.