Kichomi kinachorudi: mfuko wa moyo unaovimba tena na tena

Nikiingia wodini asubuhi nikamkuta mgonjwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya magoti, kichwa kimeinama mbele na mto umesukumwa kando, huwa naanza kushuku mfuko wa moyo kabla hata ya salamu. Hakuna aliyemfundisha kukaa hivyo. Usiku umemfundisha. Akilala chali anahisi kisu kifuani, akivuta pumzi ndefu kisu kinazama, akiinuka na kuinama mbele kinalegea.

Mama mmoja muuza omena wa hapa Kisumu alikuja kwangu akiwa amelala kwa kuketi kwenye kiti cha sebuleni kwa siku tisa. (Nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike, na ameridhia niandike.) Alikuwa ameshatibiwa malaria mara mbili, kisha vidonda vya tumbo. Simlaumu aliyemtibu. Kwetu, mtu mwenye homa na mwili mchovu hupimwa malaria kwanza, na ndivyo inavyopasa. Lakini hakuna aliyemuuliza swali dogo: ukilala je, ukiketi je?

Moyo umekaa ndani ya mfuko wenye kuta mbili nyembamba, na katikati ya kuta hizo kuna maji kidogo, mililita 15 hadi 50, yaani vijiko vitatu hadi kumi vya chai. Maji hayo hulainisha njia ili moyo uteleze unapopiga. Mfuko ukivimba, kuta zinakwaruzana. Kuvimba ninakosema si uvimbe wa saratani. Ni kama kidole kilichochomwa mwiba kinavyokuwa chekundu, kikapata moto na kuuma. Kidole unaweza kukifunga kitambaa ukakipumzisha. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo linapita palepale penye kidonda. Nilipomwinamisha yule mama mbele na kumsikiliza chini kidogo ya titi la kushoto, nilisikia mkwaruzo mkavu, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu ya mahindi.

Ugonjwa huu tunauita perikaditisi. Tunauthibitisha tukipata angalau mawili kati ya haya manne: maumivu ya namna niliyoeleza, mkwaruzo huo, mabadiliko yake kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo), au maji yaliyoongezeka yakionekana kwenye eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Kipimo cha damu cha CRP hutuonyesha moto ni mkubwa kiasi gani. Nitakirudia, kwa sababu ndicho kinachoamua mengi.

Kabla ya kwenda mbele, jambo moja la hapa kwetu. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani husema perikaditisi nyingi hutokana na virusi au hazijulikani chanzo, kisha vinapita. Mimi sipiti. Huku magharibi mwa Kenya, penye kifua kikuu na Virusi vya Ukimwi, simwambii mtu "chanzo hakijulikani" kabla ya kupima VVU, makohozi na picha ya kifua, na kabla ya kuuliza kuhusu kukonda na jasho la usiku. Mfuko wenye kifua kikuu mara nyingi huanza polepole na kujaa maji mengi, na tiba yake ni dawa za kifua kikuu kwa miezi sita. Ukimpa mtu huyu dawa za maumivu pekee, unamsindikiza kwenye hatari, maana mfuko huo unaweza kuwa mgumu kama ngozi ya ngoma na kuubana moyo. Mwaka 2014 kundi lililoongozwa na marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini lilichapisha utafiti wa wagonjwa 1,400 katika nchi nane za Afrika, Kenya ikiwemo. Walitaka kujua kama predinisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe kwa nguvu, inawafaa wenye perikaditisi ya kifua kikuu. Kwa jumla haikupunguza vifo. Ilipunguza kule kukazwa kwa moyo, lakini kwa wenye VVU saratani ziliongezeka. Ndiyo maana siiandiki kwa mazoea.

Lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe) na figo zilizochoka nazo huvimbisha mfuko huu, na hutafutwa.

Mama wa omena hakuwa na lolote kati ya hayo. Alipewa ibuprofeni, na siku ya tatu akawa analala chali. Siku ya sita aliacha dawa. Wiki saba baadaye alinipigia simu alfajiri: "Daktari, kile kichomi kimerudi."

Hapo ndipo nina neno langu, na kama utasoma aya moja tu, soma hii. Maumivu yakiisha, moto bado haujazimika. Ni kama jiko la makaa: juu ni majivu, ukipuliza unaona wekundu. Dawa za kutuliza uvimbe hufunika maumivu ndani ya siku chache, lakini kuta za mfuko zinahitaji wiki nyingi. Ndiyo sababu hatutumii hisia peke yake, tunangoja CRP irudi kawaida ndipo tuanze kupunguza dozi, na tunapunguza kidogokidogo. Kwa mtu mzima huwa naanza na ibuprofeni miligramu 600 kila saa 8, pamoja na chakula na dawa ya kukinga tumbo, kisha nashuka kidogo kila wiki moja au mbili. Si dozi ya kujinunulia. Mwenye figo mbovu, aliyewahi kutoka damu tumboni, au mjamzito lazima tupange njia nyingine.

Ugonjwa ukirudi baada ya utulivu wa wiki nne hadi sita au zaidi, tunasema ni wa kujirudia. Katika kila watu 100 wanaougua mara ya kwanza bila kupewa kolkisini, 15 hadi 30 utawarudia. Ukishawarudia mara moja, karibu nusu yao huupata tena.

Kolkisini ni dawa ya zamani ya jongo, na wengi hushangaa wanapoambiwa jongo na moyo. Mwaka 2013 Massimo Imazio na wenzake nchini Italia walionyesha kwamba ikiongezwa tangu mara ya kwanza, wanaorudiwa hupungua kwa zaidi ya nusu. Huwa nampa mtu mwenye kilo chini ya 70 nusu miligramu mara moja kwa siku, mwenye kilo zaidi mara mbili. Mara ya kwanza ni miezi mitatu, ukijirudia ni sita au zaidi. Inaweza kuharisha, na mara nyingi tukipunguza dozi inatulia. Ila ina adui zake: erithromisini na klarithromisini, antibiotiki ambazo watu hununua kwenye duka la dawa kwa kikohozi kidogo tu, na ritonaviri kwa wanaotumia ARV zenye dawa hiyo. Zikikutana, kolkisini hujaa mwilini hadi kiwango cha sumu. Mwambie muuza dawa unatumia nini kabla hajakupa chochote. Na iweke juu ambako mtoto hafiki.

Sasa steroidi, na hapa nina kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, kijana mwendesha boda boda aliyeteswa na kichomi alinililia nimpe kitu cha nguvu. Nilimpa predinisoloni nyingi, na kesho yake alikuwa akicheka. Nikampunguzia miligramu 10 kila wiki. Kila tulipofika chini, ugonjwa uliruka juu. Ulimrudia mara tatu katika mwaka mmoja, uso ukavimba, na hakuweza kushika kazi. Kosa halikuwa lake. Steroidi kubwa ikishushwa haraka ni njia mojawapo ya kumfanya mtu awe mgonjwa wa kudumu. Siku hizi naiandika tu pale ibuprofeni na kolkisini zimeshindwa au haziwezekani, dozi ndogo, na tukifika miligramu 15 tunashuka kwa 1.25 hadi 2.5 kila baada ya wiki mbili hadi sita. Kidonge cha miligramu 5 kikikatwa vipande vinne, kila kipande ni 1.25. Na hakuna kuiacha ghafla, maana mwili ulioizoea unaweza kuzimia bila hiyo.

Zipo sindano mpya. Moja, rilonasepti, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya ugonjwa huuhuu. Sijawahi kumwandikia mgonjwa wangu hata mmoja. Bei yake haimfikii.

Lililo gumu zaidi kwa mama wa omena lilikuwa kupumzika. Beseni la samaki kichwani, mitungi ya maji ya lita 20, ngazi. Tulikubaliana binti yake abebe mizigo hadi CRP itulie. Wanamichezo nawaambia angalau miezi mitatu bila mazoezi. Shemeji zake walisema anajidekeza, kwa kuwa uso wake haukuonyesha ugonjwa, basi nikawaita nikawawekea chombo masikioni wasikilize ule mkwaruzo. Hawakusema tena.

Aliniuliza kama moyo wake utakazwa. Kwa aina isiyo na chanzo, inayorudi tu, hilo hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya 100, hata ikirudi mara nyingi. Hofu yake ilikuwa kubwa kuliko hatari yenyewe, na nilimwambia hivyo. Lakini pumzi ikikata hata ukiwa umekaa, ukahisi kuzimia, mishipa ya shingo ikatuna au miguu ikavimba, usingoje siku ya kliniki. Maji yanaweza kuwa yanaubana moyo. Nenda hospitali usiku huohuo.

Alianza kuweka alama kwenye kalenda ukutani: msalaba kwa kidonge kilichomezwa, duara kwa siku ya kichomi. Mwezi wa tano alikuja nayo imekunjwa ndani ya kanga. Maduara mawili Januari, hakuna tangu hapo. Nilimwomba apande kitandani tumfanyie ECG. Alilala chali, mikono kando, bila kuomba mto. Bado ana mwezi mmoja wa kolkisini.