Maradhi ya kusahau katika ukoo: uliza yalianza umri gani

Watu wa Unguja na Pemba tunazijua nasaba zetu. Mtu wa Wete au Makunduchi atakutajia babu zake hadi wa tano, nani alimuoa nani na nani alihamia Tanga. Lakini muulize bibi yake alianza kusahau akiwa na umri gani, atakwambia: "Alizeeka tu." Jibu hilo linatupa tabu sisi wa spitali, kwa sababu umri huo ndio unaotupa mwanga mkubwa kuhusu hatari waliyonayo watoto na wajukuu.

Wanaotuuliza "Mama alifika hadi akanisahau jina, na mimi yatanipata?" aghlabu wako kwenye arubaini au hamsini, na wamemuuguza mzazi kwa miaka. Wanastahiki jibu kamili.

Alzheimer ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya maradhi ya kusahau. Daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyaeleza mwaka 1906 baada ya kuuchunguza ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki. Alikuta mabonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Mabonge ni protini ya amiloidi, nyuzi ni protini ya tau. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla mtu hajasahau chochote, kama boriti inayoliwa na mchwa kwa ndani huku dari bado iko juu. Tau ikishaenea, ndipo jamaa huona. Bibi aliyesuka mikeka tangu utotoni anashika ukili na hajui aendelee vipi. Anauliza kama adhuhuri imeshaadhiniwa, anajibiwa, na chai haijapoa anauliza tena.

Sasa tuje kwenye urithi. Zipo familia chache mno, chini ya asilimia 1 ya wagonjwa wote, ambazo maradhi hutokana na hitilafu ya jeni moja. Humo kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, na kusahau huanza mapema, kwa kawaida kabla ya miaka 65. Kama bibi, mama na mjomba wote walianza wakiwa na hamsini na kitu, mwambie daktari hivyo hivyo.

Walio wengi huanza baada ya hapo, na habari yao ni nyengine. Kuwa na mzazi au ndugu mgonjwa huongeza hatari, lakini wengi wenye mzazi aliyeugua hawaugui. Jeni inayotajwa zaidi ni APOE, aina yake ya e4. Mwenye nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, yuko kwenye hatari zaidi ya mwenye moja. Kwa hiyo kwenye ukoo wa kuoana mtoto wa ami na mtoto wa ami, ulizeni pande zote mbili. Hata hivyo, utafiti uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulionesha kuwa e4 haina uzito ule ule kwa Wayoruba. Hesabu za Ulaya tusizibebe nzima nzima.

Mwezi wa Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu kinachosaidia kugundua amiloidi ubongoni, kwa watu wa miaka 55 na kuendelea ambao tayari wana dalili. Wasio na dalili hawakulengwa. Wapo wazee wengi wenye amiloidi wanaofariki akili zikiwa timamu, na jibu la maabara peke yake litakunyima usingizi bure. Ukiniuliza mimi, nauli ya kukifuata kipimo hicho nje ya nchi itumie kwa mambo yaliyo karibu.

Nayo ni presha, sukari na masikio. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya maradhi ya kusahau duniani yangeweza kuzuilika au kuchelewa. Kutosikia ni mojawapo, na kwetu ndilo linalodharauliwa zaidi. Mzee asiyesikia huacha kwenda barazani, kwani hafuati tena mazungumzo. Upweke wake nao ni hatari nyengine. Mpelekeni akapimwe masikio.

Nawaomba muwaulize shangazi na khalati wakiwa bado wana kumbukumbu: nani alisahau, alianza na umri gani, je, aliwahi kupata kiharusi, alikuwa na presha au sukari? Kusahau kulikofuatia kiharusi mara nyingi ni maradhi mengine. Andikeni, mje na karatasi hiyo kliniki.

Kisomo kisomwe, hatukatazi, ila kisimcheleweshe mgonjwa. Na mzee aliyebadilika ghafla, ndani ya siku chache, mleteni siku hiyo hiyo: Alzheimer haiji kwa kasi hiyo. Huenda ni maambukizi, sukari iliyoshuka au dawa anazotumia, na hayo yanatibika.