ED na dawa za sonona: kwa nini siku za kupumzika hazilingani na siku za kidonge

ED ni karatasi ya daktari inayomwondolea mtu kazi kwa siku kadhaa kwa sababu anaumwa. Kwa malaria hesabu yake ni nyepesi. Dawa mseto humezwa siku 3, daktari anaandika ED ya siku 3, na dozi na karatasi vinaisha pamoja. Kwa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na maradhi ya wasiwasi hesabu hiyo haishiki. Kidonge kina saa yake na ED ina saa yake nyengine, na asiyezitenganisha ama humrudisha mgonjwa kazini katika wiki mbaya kuliko zote, ama humwacha nyumbani mpaka kurudi kwenyewe kukageuka maradhi.

Maradhi yanayokusudiwa hapa ni yale ya kawaida: sonona, wasiwasi uliopindukia, na mfadhaiko unaomshika mtu baada ya pigo kama talaka au kuachishwa kazi. Si wazimu. Mwenye maradhi haya anajua leo siku gani, anasali, anahesabu pesa zake bila kukosea. Lakini saa tisa za usiku yuko macho, moyo unampwita, na kazi aliyokuwa akiimaliza kwa saa moja sasa inamla asubuhi nzima. Ni wachache wanaofika spitali wakisema wana huzuni. Husema kichwa kinauma, mwili umelegea, roho haitulii. Wengine wameshaanza na kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani, na dua, na hayo hayagombani na kidonge. Ugomvi huja pale mtu anapoambiwa aache kimoja ili chengine kifanye kazi.

Dawa zinazopatikana zaidi katika spitali zetu ni mbili. Fluoksetini ni kidonge cha mg 20, kimoja kwa siku, asubuhi, kwa sababu usiku kinaweza kufukuza usingizi. Wengi huanzishwa mg 10 kwa wiki ya kwanza, kisha 20; ikipita wiki ya 6 bila nafuu, daktari hupandisha hadi 40. Amitriptilini humezwa usiku. Huanza mg 25 na kupandishwa kidogo kidogo kila wiki mpaka mg 100 au 150 kwa mtu mzima mwenye afya, na kwa mzee huishia chini zaidi. Watu huiita dawa ya usingizi, na hilo huleta kosa moja kubwa: mgonjwa anakunywa 25 miezi sita, analala vizuri, sonona iko palepale. Kipimo hicho kinalaza tu. Diazepamu nayo si dawa ya sonona hata kidogo. Inatuliza kwa saa chache, na ukiizoea kuiacha ni shida.

Sasa tazama saa ya kidonge. Wiki ya kwanza ya fluoksetini mtu hupata maudhi tu: kichefuchefu, kichwa, mikono kutotulia, pengine wasiwasi kuzidi. Faida bado. Wiki ya 2 usingizi na hamu ya kula huanza kurudi, na mara nyingi watu wa nyumbani huona kabla ya mgonjwa mwenyewe. Wiki ya 3 au ya 4 nguvu zinakuja, moyo unafuata nyuma. Wiki ya 6 hadi ya 8 ndipo unapoweza kusema dawa imeshika au haikushika. Kinachochelewa kuliko vyote ni umakini: mtu anacheka, anakula, lakini akisoma ukurasa mmoja inabidi aurudie mara tatu. Kwa mhasibu au mwalimu, hilo ndilo linaloamua kama kazi inafanyika.

Weka juu yake ED ya siku 7, ambayo ndiyo daktari mwenye foleni ndefu huiandika kwa mkono uliozoea. Siku ya 8 mgonjwa anarudi kazini ana kichefuchefu, hajalala, hajapata nafuu yoyote. Anashindwa, anasemwa, na anahitimisha kwamba dawa haimfai. Anaiacha siku ya 10. Sijui kosa linalojirudia kuliko hili, na dawa yake ni sentensi moja siku ya kwanza: "Wiki mbili za mwanzo utaona maudhi kabla ya faida, rudi siku ya 10 hata kama umechukia kidonge."

Katika hatari moja lakini mgonjwa asisubiri siku ya 10. Mawazo ya kutaka kufa, hasa kwa kijana wa chini ya miaka 25 katika wiki za mwanzo, ni ya kupelekwa spitali siku hiyohiyo. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja huvuruga mapigo ya moyo na inaua, kwa hiyo mwenye mawazo hayo hapewi pakti ya mwezi mzima. Hupewa ya wiki, na mtu wa nyumbani ndiye anayeiweka. Pia mtu akianza kidonge kisha akawa halali, anaongea bila kituo na kugawa pesa, arudi haraka. Huenda maradhi yake si sonona tupu.

Kuna takwimu zinazowatatiza wengi. Katika nchi za Skandinavia, ambako siku za likizo ya ugonjwa na dawa za duka la dawa huingizwa kwenye rejista za taifa, ukiwalinganisha juu juu waliomeza dawa za sonona na wasiomeza, unaweza kukuta waliomeza ndio waliokaa nyumbani zaidi. Msomaji wa haraka husema dawa inarefusha likizo. Chukua walimu wawili wa skuli moja ya Chake Chake, wa kufikirika. Mmoja hajalala wiki moja baada ya kugombana na mwalimu mkuu. Anapewa ED ya siku 5, anazungumza na mshauri, anarudi darasani. Wa pili ana miezi mitatu hali chakula, amekonda, amekwisha. Huyu ndiye aliyeandikiwa fluoksetini, akapumzika siku 28. Kidonge hakikumweka nyumbani. Ukubwa wa maradhi ndio uliomletea vyote viwili, kidonge na siku. Ukishuku hilo, utasema na magongo huvunja miguu, maana kila mwenye gongo anachechemea.

Na kuna mtego wa pili, uliojificha zaidi. Aliyepona kwa siku 5 hakuwahi kufika siku ambayo daktari angemwandikia kidonge. Kwa hiyo kundi la waliomeza limejaa, kwa maumbile yake, watu ambao likizo yao ilikuwa ndefu tangu mwanzo. Sonona nyepesi haianzishwi dawa moja kwa moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka ushauri na mpango wa shughuli za kila siku kwanza.

Basi siku ngapi? Mimi huanza na kazi, jina la ugonjwa baadaye. Mfadhaiko baada ya ugomvi: siku 3 hadi 7, na mara nyingi kuhamishwa zamu kunatosha. Sonona ya wastani iliyoanzishwa dawa: siku 14, kuonana siku ya 10, kisha kuamua. Siku 30 kwa mkupuo bila kuonana sizipendi. Mtu anageuza usiku kuwa mchana, majirani wanauliza, simu ya ofisini inaanza kumtisha. Kwa mwenye wasiwasi ni mbaya zaidi, kwa sababu wasiwasi hunenepa kwa kukimbiwa. Kila siku anayoikwepa kazi inaifanya kesho iwe nzito.

Kurudi kwenyewe kuwe kwa ngazi. Wiki ya kwanza mpaka saa sita mchana, ya pili mpaka saa nane, ya tatu siku nzima. Mwalimu apunguziwe vipindi asipewe mtihani wa kusahihisha. Mhudumu wa hoteli Nungwi au Paje aondolewe shifti ya usiku, maana usingizi ndio kitu cha kwanza dawa ilichomrudishia na shifti hiyo itaunyang'anya. Anayekwea mikarafuu, dereva na nahodha wa boti wasirudi kazini wakiwa ndiyo kwanza wamepandishiwa amitriptilini. Dawa hiyo hushusha presha mtu anaposimama, na kizunguzungu juu ya mkarafuu hakina wiki ya pili.

Karatasi yenyewe haihitaji kutaja ugonjwa. Tarehe, idadi ya siku, siku ya kuonana tena na aina ya kazi nyepesi vinatosha. Mwajiri akiona jina la Kidongo Chekundu, spitali ya maradhi ya akili ya Unguja, kwenye muhuri, ashamaliza kuhukumu. Ndiyo maana wengi hupendelea kuandikiwa na kliniki ya kawaida, na hakuna ubaya. Kuhusu haki: siku 126 ndani ya miezi 36, yaani 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, ni sheria ya Tanzania Bara. Kazi si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na hiyo ndiyo ya kuulizia kwa afisa kazi. Mama wa mwani Jambiani au mchumaji karafuu wa Wete hana ED wala mshahara wa kupumzika, kwa hiyo kwake ngazi hupangwa na shamba: nusu ya maji kupwa wiki hii, mwenzake akimalizia.

Ramadhani si sababu ya kuacha. Fluoksetini humezwa daku, amitriptilini baada ya futari. Anayechelewa kuamka kwa daku aimeze amitriptilini mapema zaidi, mara tu baada ya kula, na anywe maji mengi usiku kwa sababu inakausha mdomo na kufunga choo.

ED ikiisha, kidonge hakiishi. Huendelea miezi 9 hadi 12 tangu mtu apone, na anayekaa Pemba asingoje pakti ya mwisho ndipo aulize kama dawa imefika. Kuacha nako ni kwa hatua, si chini ya wiki 4: amitriptilini inashushwa mg 25 kila wiki au mbili, kuacha fluoksetini huwa kwepesi zaidi kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu. Akiacha ghafla mtu huweza kupata kizunguzungu, kutapika na ndoto kali, akadhani sonona imerudi. Kushusha hakuhitaji ED. Ila mwalimu asipange kushusha mwezi wa mitihani, wala mtu wa hoteli Agosti.